Sare kwenye chesi: mfundishe mtu mapema, usimwachie aigundue kwa machungu

Watu wengi wakimfundisha mtu chesi wanaanza na kete zinavyotembea, alafu cheki (mfalme kushambuliwa), alafu chekimeti (mfalme kashambuliwa na hana pa kuponea), basi, nenda kacheze. Habari ya sare inakuja baadae sana, mara nyingi siku ile mwanafunzi ana malkia na ngome mbili na mwenzie kabaki na mfalme peke yake, anasogeza malkia kwa furaha zake zote, anaambiwa mchezo umeisha, mmetoka sare. Ndo kwanza anasikia kuna kitu kinaitwa stelimeti, na anaondoka pale anahisi kaibiwa kabisa.

Mi nafundisha wanaoanza na msimamo wangu ni kwamba sare ifundishwe siku ileile ya chekimeti, bega kwa bega. Mtu asiyejua sare hajui nusu ya kinachoendelea ubaoni, akiwa anashinda hajui anatakiwa aogope nini, akiwa anafungwa hajui kwamba bado kuna kitu cha kupigania. Na hicho kitu kina thamani, ushindi ni pointi 1, kufungwa ni 0, sare kila mmoja nusu, na kwenye mashindano mafupi ile nusu ndo inayomtoa mtu nafasi ya kumi inampeleka ya nne.

Tuanze na stelimeti kwa sababu ndo inayoliza watu. Ni hivi: zamu ni yako, mfalme wako hajapigwa cheki, na huna muvu yoyote halali popote ubaoni. Hapo mchezo unaisha sare saa hiyohiyo. Nasisitiza hilo neno popote kwa sababu wanafunzi wengi wanaona mfalme kabanwa hana pa kwenda wanapiga kelele stelimeti, kumbe pembeni kule kuna askari wake mmoja bado anaweza kusogea hatua moja, basi huyo askari lazima asogee na mchezo unaendelea. Mfalme kukosa njia peke yake haitoshi.

Weka ubao uone mwenyewe. Herufi ni safu za wima, a mpaka h, namba ni mistari ya mlalo, 1 mpaka 8 ukianza kuhesabu upande wa Mweupe. Mfalme mweusi h8, peke yake, hana kete nyingine. Mfalme mweupe f6, malkia mweupe g5, zamu ya Mweupe. Malkia akienda g7 ni chekimeti, anamgusa mfalme, analindwa na mfalme wake, na njia zote zimefungwa. Malkia akienda g6 ni sare. Kisanduku kimoja tu tofauti! Akiwa g6 anaziba g7, anaziba g8, anaziba h7, lakini h8 yenyewe haigusi, kwahiyo mfalme mweusi hajapigwa cheki na hana pa kukanyaga. Angalia vizuri malkia alipokaa: kutoka g6 mpaka h8 ni mruko wa farasi, visanduku viwili upande mmoja na kimoja pembeni. Hiyo picha naomba uikariri, malkia akiwa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme aliyeko kona, na mfalme huyo hana kete nyingine ya kusogeza, ni stelimeti, hata mfalme wako akiwa upande wa pili wa ubao anaota jua.

Na hapa kuna mtego mzuri wa kufundishia, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kumsukuma mfalme mpweke hadi ukingoni ni hiyohiyo ya kumfuata na malkia kwa umbali wa mruko wa farasi, yeye akienda kulia unaenda kulia, akishuka unashuka, hupigi cheki hata moja, kisanduku chake kinazidi kuwa kidogo. Inafanya kazi vizuri mpaka anapoingia kona. Akiingia kona ACHA kumfuata. Muache malkia pale anapomfungia kwenye mstari wa ukingoni huku akiwa na visanduku viwili vya kwenda na kurudi, alafu umlete mfalme wako polepole aje asaidie kumalizia. Wanafunzi wangu nawaambia kila muvu waulize swali moja kabla hawajaachia kete: nikiweka hapa, yeye ataenda wapi? Ukiona jibu ni hakuna na wala sio cheki, rudisha mkono.

Kuna ambao wanagoma kabisa, wanasema hii sheria haina haki, mimi nimemmaliza kete zote iweje tugawane pointi. Sio wao wa kwanza kulalamika, Uingereza zamani, karne ya 17 na ya 18 huko, ilikuwa mtu akimfanyia mwenzie stelimeti basi aliyefanya ndo anahesabiwa kafungwa! Hiyo waliiacha mwanzoni mwa karne ya 19 wakaungana na wengine kwenye sare. Mi naiona sare ni jibu sahihi kabisa. Lengo la mchezo ni kumkamata mfalme akiwa ameshambuliwa, na hapa hujamshambulia, umemfungia tu, na kwenye chesi huruhusiwi kupitisha zamu. Kazi hujaimaliza.

Ila sababu inayonifanya niipende hii sheria ni nyingine. Bila stelimeti mwisho wa mchezo ungekuwa hauna utamu wowote, ukizidi askari mmoja tu basi umeshinda karibu kila mara. Stelimeti ndo inampa mnyonge silaha. Weka hii sasa: mfalme mweupe d6, askari mweupe e6, mfalme mweusi e8. Hakuna kingine ubaoni. Ukimuuliza anayeanza atakwambia Mweupe anashinda, ana askari wa ziada na yuko hatua mbili tu afike mwisho wa ubao ageuke malkia. Jibu la kweli ni inategemea zamu ya nani.

Zamu ikiwa ya Mweupe, anasukuma askari e7, bila cheki, mfalme mweusi analazimika kwenda f7 hana pengine, mfalme mweupe anaingia d7, na muvu inayofuata kuna malkia mpya. Zamu ikiwa ya Mweusi, anaenda d8, anasimama uso kwa uso na mfalme mwenzie. Mweupe akisukuma e7 sasa ni cheki, mfalme mweusi anarudi e8 mbele ya askari, na Mweupe ana mambo mawili tu, amuache askari wake aliwe, au amlinde kwa mfalme e6, na akimlinda ni stelimeti. d8 na f8 zinalindwa na askari, d7 na f7 zinalindwa na mfalme, askari mwenyewe haliki. Sare. Kanuni yake ya kubeba mfukoni: askari akifika mstari wa saba kwa cheki, kwa kawaida ni sare, akifika bila cheki, anashinda. Haihusu askari wa pembeni kabisa, wale wa safu ya a na ya h, hao wana tabia zao na mara nyingi ni sare tu mfalme mnyonge akiwahi kona.

Na kwa hao wa pembeni kuna ajabu nyingine, hata ukimwongezea askofu bado inaweza kuwa sare. Ukiwa na askari safu ya h, kisanduku chake cha kugeukia malkia ni h8 ambacho ni cheusi, sasa kama askofu wako ni wa visanduku vyeupe na mfalme wa adui kashaingia h8, huna cha kumfanya. Huwezi kumfukuza pale kwa sababu askofu wako hagusi rangi ile milele, utamzungushazungusha, mwisho wake stelimeti au unakata tamaa. Askari na askofu mzima wa ziada, na bado nusu nusu. Ukiwa unafungwa na ukaona mpinzani ana askofu wa rangi isiyofaa na askari wa pembeni, kimbiza mfalme wako kona ile, acha vingine vyote viliwe.

Wakubwa wenyewe wanaliwa na hii kitu. Ubingwa wa Marekani wa 1963/64, Larry Evans alikuwa hoi mbele ya Samuel Reshevsky, kazidiwa kabisa, mfalme wake hana pa kusogea na askari wake wamekwama, alichobakiwa nacho cha kusogea ni malkia na ngome. Akamtoa malkia bure kwa cheki, Reshevsky hana namna akamla, alafu ngome ikaanza kupiga cheki ikiwa imesimama karibu kabisa na mfalme, ikiliwa ni stelimeti, isipoliwa inaendelea kupiga cheki tu. Sare. Kila nikiiweka hii ubaoni mbele ya wanafunzi naona macho yanabadilika, mtu aliyekuwa ameshazoea kujiuzulu akipoteza malkia anaanza kuhesabu: nikizitoa hizi kete mbili zilizobaki, nitabaki na muvu?

Ya pili kwa utamu ni cheki za mfululizo, yaani unampiga cheki isiyoisha, yeye hawezi kutoka na wewe huna haja ya kuacha. Kwenye kitabu cha sheria haina kifungu chake peke yake siku hizi, inaishia kwenye kurudia nafasi au mnakubaliana tu kwa sababu wote mnaona. Mfano ninaoutumia: mfalme mweusi g8, askari wake wapo f7 na h7 lakini yule wa g kashaliwa, wewe una malkia na umezidiwa sana kwingine kote. Malkia g5 cheki. Akienda h8, malkia f6 cheki, anarudi g8, unarudi g5. Akiamua kukimbilia f8, malkia d8 cheki, anapanda g7, unarudi g5 cheki. Haponi. Sharti ni kwamba hakuna kete yake inayolinda visanduku unavyokanyaga au inayoweza kujitupa katikati, hilo uangalie kabla hujaanza. Ndo maana nawaambia usijiuzulu ukiwa bado una malkia na mfalme wa mwenzio hana ukuta wa askari mbele yake, tafuta kwanza cheki ya kwanza, ya pili, na kama ya tatu inakurudisha kwenye ya kwanza umepata nusu yako.

Kurudia nafasi kunachanganya sana watu kwahiyo naomba utulie hapa. Sheria haisemi muvu zilezile mara tatu, inasema NAFASI ileile mara tatu. Ubao mzima uwe vilevile, zamu iwe ya mtu yuleyule, na haki za kufanya kasilingi (mfalme na ngome kusogea kwa muvu moja) na za kumla askari anayepita (aliyeruka hatua mbili akasimama ubavuni kwa askari wako) ziwe zilezile. Na sio lazima zifuatane, nafasi inaweza kutokea muvu ya 20, ikatokea tena ya 24, alafu ya 31, imetimia. Sasa kitu ambacho wengi hawajui, kwenye mashindano ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, haiji yenyewe, lazima uidai. Ukiwa zamu yako na unaona muvu unayotaka kucheza italeta nafasi kwa mara ya tatu, huchezi hiyo muvu, unaiandika kwenye karatasi yako, unasimamisha saa, unamwita mwamuzi na kumwambia unadai sare. Ukishaicheza na kubonyeza saa, nafasi ya kudai imekupita kwa zamu hiyo. Na ukidai vibaya mpinzani wako anaongezewa dakika mbili, kwahiyo hesabu vizuri. Tangu 2014 kuna nyongeza, nafasi ileile ikitokea mara tano mwamuzi mwenyewe anasimamisha mchezo hata kama nyote mmelala. Kwenye intaneti inategemea unachezea wapi, kuna programu zinahesabu zenyewe ya tatu ikifika sare, nyingine zinakuwekea kitufe cha kudai, jua ya kwako iko vipi kabla hujazungusha kete ukitegemea itakuokoa.

Sheria ya muvu 50 ni ndugu yake. Zikipita muvu 50 za kila upande bila askari yeyote kusogea na bila kete yoyote kuliwa, unaweza kudai sare, na zikifika 75 inakuja yenyewe (isipokuwa ile ya mwisho kabisa ikiwa ni chekimeti, hapo chekimeti inahesabika). Anayeanza anadhani 50 ni nyingi sana haitamkuta, inamkuta! Mfalme na ngome dhidi ya mfalme mpweke, ukicheza sawasawa ni muvu 16 kwa wingi wake, malkia ni 10 tu, lakini asiyejua anazunguka nayo mpaka 50 inaisha huku mwenzie anahesabu kimyakimya. Askofu na farasi pamoja ndo balaa, inawezekana kulazimisha chekimeti ndani ya muvu 33 lakini inataka ujuzi, ukipotea njia mara moja au mbili muda umekwisha. Kompyuta zimeshapata nafasi za kete saba ambazo ushindi unahitaji zaidi ya muvu 500, ubaoni kwa binadamu hizo ni sare tu.

Kukosa kete za kutosha sitakaa nayo sana. Mfalme kwa mfalme, mfalme na askofu kwa mfalme, mfalme na farasi kwa mfalme, sare papo hapo, kwa sababu hata mpinzani akikusaidia kwa makusudi hakuna chekimeti inayoweza kutokea. Farasi wawili ni kesi ya pekee, huwezi kulazimisha, lakini chekimeti inawezekana mwenzio akijipeleka mwenyewe, kwahiyo mchezo hausimami wenyewe. Na hii iunganishe na saa: muda wako ukiisha na mpinzani kabaki na mfalme peke yake, hujafungwa, ni sare. Lakini akiwa na hata askari mmoja, umefungwa, kwa sababu askari anaweza kuwa malkia. Ndo maana kwenye mchezo wa haraka ukiona muda wako unaisha, mle yule askari wake wa mwisho hata kama inakugharimu ngome.

Imebaki sare ya makubaliano, na hapa nina maneno. Utaratibu ni unacheza muvu yako, unasema naomba sare, alafu unabonyeza saa, sio kumuomba mtu wakati anafikiria, na sio kumuomba kila dakika mbili mpaka akasirike. Ila kwa anayeanza mi sitaki kabisa, kwenye madarasa yangu hairuhusiwi. Mtoto anaona mpinzani ana reitingi (namba ya kiwango cha mchezaji) kubwa, anaogopa, anaomba sare muvu ya 12 wakati nafasi yake ni nzuri kuliko ya mwenzie, na hajifunzi chochote siku hiyo. Mashindano makubwa nayo yalishaona hilo, yale ya Sofia, Bulgaria, mwaka 2005 walianza kuzuia wachezaji kuombana sare, na mashindano ya Norway Chess tangu 2019 mkitoka sare mnacheza mchezo mwingine wa haraka ambao Mweusi akipata sare anahesabiwa kashinda. Sare ya kupigania nakubali, ya kuogopa hapana.

Na tofauti ya hizo mbili hakuna mechi inayoionyesha kama ya ubingwa wa dunia ya Karpov, aliyekuwa bingwa, na kijana Kasparov, Moscow, Septemba 1984. Sharti lilikuwa wa kwanza kushinda michezo 6 ndo bingwa, sare hazihesabiwi. Baada ya michezo 9 Karpov anaongoza 4-0, kijana wa watu kamalizika kila mtu anaona. Kasparov akaacha kukimbilia ushindi, akaanza kung'ang'ania sare, zikaja 17 mfululizo! Karpov akashinda wa 27, ikawa 5-0, anahitaji mmoja tu. Hakuupata. Mchezo wa 32 Kasparov akashinda wake wa kwanza, zikafuata sare nyingine 14, akashinda wa 47, akashinda wa 48, na Februari 1985 rais wa FIDE akaisimamisha mechi ikiwa 5-3, sare 40 kwa jumla. Wakarudiana mwaka huohuo na Novemba Kasparov akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22. Watu wanaosema sare zinachosha nawaomba wakae chini wafikirie, mtu yuko nyuma 5-0 na kila nusu pointi anayoishika inamnunulia siku nyingine ya kuishi. Hata London 2018 Carlsen na Caruana walipogombea ubingwa wa dunia wakatoka sare michezo yote 12, ndani yake mlikuwa na watu wanaponea chupuchupu, ule wa kwanza tu ulikwenda muvu 115, Carlsen alikuwa na nafasi ya kushinda na Caruana akaishikilia mpaka mwisho.

Kama unamfundisha mtu sasa hivi, fanya hivi. Weka ile ya mfalme d6, askari e6, mfalme e8. Mcheze mara zamu ya Mweupe, mara zamu ya Mweusi, alafu mbadilishane pande, na usimwambie nani anatakiwa ashinde. Akishaiweza bila kufikiria, rudisha kete nyuma, askari e4, mfalme mweupe e3, mfalme mweusi e5, zamu ya Mweupe, na yeye ndo ashike Mweusi aitafute sare mwenyewe. Kidokezo kimoja tu umpe: ukilazimika kurudi, rudi moja kwa moja nyuma kwenye safu ya askari, na mfalme wa mwenzio akipanda, simama mbele yake uso kwa uso. Alafu mpe mfalme na ngome ammalize mfalme wako mpweke, na wewe hesabu muvu kwa sauti asikie, moja, mbili, tatu, mpaka 50.